Sasisho Lipewe Zamu Yake

    

Leo naanza na swali. Je, imewahi kukutokea hivi? Ni usiku, baada ya swala ya isha. Intaneti umeilipia. Mnara uko sawa, au kama una dishi la setilaiti, liko juu ya paa wala halijaguswa. Taa za ruta zote zinawaka. Lakini simu ya video inakwama. Uso wa mjukuu aliyeko Minneapolis umeganda, sauti inakatika, na ayeeyo, bibi yake, anabaki akiuliza, "Mnanisikia? Mnanisikia?" Kisha mtu mmoja hapo nyumbani anatoa hukumu: "Leo mtandao ni mbaya."

Jioni hii naomba tuichunguze hukumu hiyo. Mara nyingi sana, mtandao hauna kosa. Kuna kifaa humo humo nyumbani kinachopakua kitu kikubwa, kimya kimya, bila kumwambia mtu yeyote. Na kitu chenyewe, mara nyingi, ni sasisho la programu. Zile apdeti. Simu na kompyuta siku hizi hujiletea apdeti hizo zenyewe.

Nitazungumza mambo matatu. La kwanza, masasisho haya yanatoka wapi, na kwa nini yanatufikia saa zile zile tunazohitaji mtandao. La pili, kwa nini sasisho moja linaweza kukwamisha nyumba nzima. La tatu, tufanye nini. Na kuna neno moja nitakalolirudia mpaka mwisho, nalo ni hili: sasisho lina haki yake, lakini lipewe zamu yake.

Haya, tuanze na la kwanza.

Programu huandikwa na binadamu, na kazi ya binadamu haikosi kasoro. Kasoro nyingine ni ndogo. Nyingine ni tundu ambalo mwizi anaweza kupitia akachungulia siri zako, au akafunga mafaili yako na kukudai fidia. Waliotengeneza programu wakigundua tundu, hutengeneza kiraka na kukituma kwa kila aliye na programu hiyo, popote alipo. Kiraka hicho ndicho sasisho.

Chukua mfano wa kompyuta zinazotumia Windows. Tangu mwaka 2003, Microsoft imekuwa na desturi ya kutoa viraka vyake vya usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa nne asubuhi kwa saa za magharibi ya Marekani. Sasa nikuulize, msikilizaji. Saa nne asubuhi kule, huku kwetu Kenya ni saa ngapi? Ni saa mbili usiku. Na miezi ambayo wao wamerudisha saa zao nyuma, huku inakuwa saa tatu usiku. Si kila kompyuta itavuta sasisho dakika hiyo hiyo. Nyingine zitavuta kesho, nyingine keshokutwa. Lakini ona lango linapofunguliwa. Kule ni asubuhi ya kazi. Huku ni ile saa ambayo familia imekaa pamoja na kila mmoja ana simu mkononi.

Na simu je? Duka la programu la Google, Play Store, kwa kawaida husubiri simu iwe kwenye chaji, iwe imeunganishwa na waifai, na iwe haitumiki. Hapo ndipo linaanza kusasisha programu. Mpango huo unamfaa mtu ambaye umeme wake haukatiki, anayechomeka simu akilala na kuichomoa asubuhi. Lakini fikiria nyumba inayotegemea sola, au mtaa unaotegemea jenereta. Simu zinachajiwa lini? Zinachajiwa umeme ukiwepo. Jua likiwa kali, simu zote tano za nyumba ziko kwenye chaji kwa pamoja. Jenereta ikiwashwa jioni, zote ziko kwenye chaji kwa pamoja. Kwa hiyo zote zinaanza kusasisha kwa pamoja, na saa hiyo ndiyo ile ile mwanafunzi anafungua somo lake na baba anaingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali.

Umeona basi? Anayepanga ratiba ya masasisho hayo hajui maisha ya Hadado, hapa kwetu Wajir. Ratiba ya nyumba yako huna budi kuipanga wewe.

Tuje kwenye jambo la pili, na hapa naomba tutulie kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye siri yote. Kwa nini sasisho moja linakwamisha watu wote?

Tuseme intaneti ya nyumbani kwako inakupa megabiti 5 kwa sekunde. Kasi hiyo inatosha kabisa simu ya video, somo la mtoto, na ujumbe wa mama. Sasa linakuja sasisho kubwa la kompyuta, gigabaiti 4. Kwa kasi hiyo, litachukua karibu saa moja na robo tatu, na hapo ni kama hakuna mtu mwingine anayetumia mtandao. Zikiwa kompyuta mbili, zidisha mara mbili. Jioni imekwisha.

Lakini kuna jambo la kushangaza. Simu ya sauti ya WhatsApp haihitaji hata sehemu moja ya kumi ya megabiti moja. Ni kidogo mno. Basi kwa nini hata hiyo inakatika? Kwa nini kitu kidogo hivyo kinakosa nafasi?

Jibu lake lina historia. Mwezi wa Oktoba mwaka 1986, kule California, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kilicho jirani yake, umbali usiofika mita 400, mawasiliano ya kompyuta yaliporomoka. Kutoka biti 32,000 kwa sekunde, kasi ikashuka hadi biti 40. Arobaini tu! Nyaya zilikuwa nzima. Tatizo ni kwamba kompyuta zote zilikuwa zikitupa data njiani, na zisipopata jibu zinaitupa tena, mpaka njia ikaziba. Mtaalamu Van Jacobson, aliyefanya kazi katika maabara hiyo, alichapisha dawa yake mwaka 1988: kompyuta inayotuma ianze polepole, iongeze kidogo kidogo, na ikiona vipande vya data vinapotea njiani, ipunguze.

Dawa hiyo iliiokoa intaneti, na hadi leo intaneti inaitegemea. Lakini sikiliza tabia yake: huongeza kasi mpaka ione upotevu. Maana yake, anayepakua faili kubwa hatosheki na nusu ya njia. Ataijaza yote, kisha arudi nyuma kidogo, kisha aijaze tena. Hivyo ndivyo sasisho lilivyo. Hata ukiliongezea njia, litajaribu kuijaza.

Tatizo la pili likaja baadaye. Watengenezaji wa ruta na mitambo walitaka data isipotee, wakaweka humo kumbukumbu kubwa ambamo vipande vya data vinasubiri zamu. Nia ilikuwa njema. Lakini sasa vipande havipotei. Vinapanga foleni ndefu, na anayetuma hajui kwamba amezidisha. Mwaka 2010 mhandisi Jim Gettys alilichunguza tatizo hili kwenye intaneti ya nyumbani kwake Marekani, akaanza kuutangazia ulimwengu kwamba foleni hizi ndefu zinaharibu mawasiliano majumbani.

Sisi wa nchi ya mifugo tunaifahamu foleni hii kuliko watu wengi. Fikiria kisima wakati wa kiangazi. Wamefika ngamia mia moja, na nyuma yao amesimama mama mjane na mbuzi wake wawili. Mbuzi wale wanahitaji maji kidogo tu. Lakini kama kila mnyama atakunywa kwa jinsi alivyofika, mama yule atangoja mpaka jua litue. Wazee wa kisima hawawafukuzi ngamia. Ngamia nao wana haki ya maji. Wanasema tu, "Wapisheni mbuzi hawa wanywe waondoke." Dakika mbili, wamekwisha. Ngamia hawakupungukiwa na kitu.

Simu ya ayeeyo ndiyo wale mbuzi wawili. Haitaki data nyingi. Inataka data yake ifike kwa wakati. Kipande cha sauti kikichelewa hata nusu sekunde, mazungumzo yameharibika. Lakini sasisho likichelewa saa tatu, nani ataumia? Hakuna. Ndiyo maana nasema: sasisho lina haki yake, lakini lipewe zamu yake.

Wengine watauliza: je, hakuna siku ambazo mtandao wenyewe kweli una hitilafu? Zipo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa kusini mwa Afrika, na Kenya nzima ikahisi. Hata setilaiti nazo hujaa. Starlink ilianza kutoa huduma Kenya Julai 2023, na kufikia mwisho wa 2024 ilikuwa imesitisha kuunga wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa sababu ya msongamano. Hayo ni kweli. Lakini kumbuka kwamba makampuni makubwa ya programu yameweka nakala za mafaili yao karibu nasi, hapa hapa Kenya. Sasisho lako mara nyingi halivuki bahari. Linakwama kwenye kipande cha mwisho, kutoka mnarani hadi nyumbani kwako, au kutoka setilaiti hadi dishi lako.

Utajuaje basi kosa liko wapi? Fanya jaribio hili rahisi. Mtandao ukikwama, zima waifai kwenye vifaa vyote isipokuwa kimoja. Ngoja dakika mbili, kisha jaribu tena. Ukiona umechangamka, tatizo liko ndani ya nyumba. Ukiona bado umelala, hapo mpigie anayekuuzia intaneti.

Sasa kabla sijafika kwenye la tatu, nataka kumzuia mtu mmoja. Najua yupo mahali akisema, "Kumbe! Basi nitazima masasisho yote, nipumzike." Hapana, ndugu yangu. Usifanye hivyo.

Tarehe 14 Machi 2017, Microsoft ilitoa kiraka cha tundu moja la hatari katika Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo, karibu miezi miwili baadaye, kirusi kilichoitwa WannaCry kilipita katika tundu hilo hilo. Kilifika katika nchi zipatazo 150. Huko Uingereza hospitali ziliwarudisha wagonjwa nyumbani kwa sababu kompyuta zilikuwa zimefungwa. Kiraka kilikuwepo! Kompyuta zilizoumia ni zile ambazo hazikuwa zimekipokea. Wahenga walishatuambia: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Na sisi leo tumeweka nini ndani ya simu? Tumeweka M-Pesa. Tumeweka hawala. Tumeweka vitambulisho, picha za familia, siri za biashara. Simu isiyosasishwa ni nyumba yenye pesa na mlango usio na komeo. Kwa hiyo kulizima sasisho kabisa si dawa. Dawa ni zamu.

Basi tufanye nini? Hili ndilo jambo la tatu. Kama una kalamu, ichukue.

Kwanza, chagua saa ya masasisho ya nyumba yako. Kwa familia nyingi saa nzuri ni usiku wa manane, kuanzia saa sita mpaka karibu na alfajiri. Mwezi wa Ramadhani, watu wakiwa macho mpaka daku, badilisha. Labda katikati ya asubuhi. Kama umeme wako ni wa sola na usiku haufiki, chagua saa ya mchana ambayo watoto wako shuleni. Kila nyumba ina saa yake. La muhimu ni kwamba saa iwepo, na watu wote wa nyumba waijue.

Pili, kwenye simu ya Android, ingia Play Store, fungua mipangilio, tafuta mahali pa kusasisha programu kiotomatiki. Zima hapo, kisha saa yako uliyochagua ikifika, sasisha programu zote kwa mkono wako. Lakini ukizima, usisahau! Mara moja kwa wiki, bila kukosa. Ukijijua kwamba wewe ni msahaulifu, heri uliache liwake na uchomeke simu kwenye chaji zile saa ulizochagua.

Tatu, kwenye kompyuta ya Windows, ingia kwenye mipangilio ya waifai unayotumia, uiambie kompyuta kwamba mtandao huu ni wa kulipiwa kwa kipimo. Ukifanya hivyo, masasisho mengi makubwa yatasubiri ruhusa yako. Unaweza pia kuyasimamisha kwa muda wa hadi wiki tano, au kuyawekea kikomo cha kasi ili yasimeze njia yote.

Hili la tatu ni muhimu zaidi kwa wewe unayeigawia kompyuta intaneti kutoka kwenye simu, kwa hotspoti. Kompyuta ikiona waifai, inaweza kudhani imefika mahali penye intaneti isiyokwisha. Haijui kwamba ni bando lako la wiki. Umeweka asubuhi, adhuhuri limekwisha, na hukutazama hata video moja. Waliochukua lile bando dogo la Starlink la gigabaiti 50 kwa mwezi, lililotangazwa 2024 kwa shilingi 1,300, nao wajihadhari. Kompyuta mbili na simu tano zinaweza kulipunguza sana kwa masasisho peke yake.

Nne, nawaambia walimu, wenye saiba, na wahudumu wa vituo vya afya. Nyinyi mna kompyuta nyingi katika njia moja nyembamba. Mama amefika na mtoto mgonjwa, mhudumu anataka kuthibitisha usajili wake wa bima ya afya ya SHA, na ukurasa unazunguka tu kwa sababu kompyuta ya ofisi ya pili inapakua sasisho. Jambo hilo linazuilika. Windows ina mpango wa kuruhusu kompyuta zilizo kwenye mtandao mmoja zigawane sasisho. Moja ipakue, nyingine zichukue kutoka kwake, bila kutumia intaneti upya. Uwasheni, na kazi hiyo ifanyike baada ya saa za kazi.

Tano, ruta yenyewe. Ruta nyingi za sasa zina sehemu ya kupanga foleni. Utaona imeandikwa QoS au SQM. Hiyo ndiyo kazi ya wazee wa kisima, na wataalamu wameiboresha sana tangu 2012. Mwite fundi akuwekee kikomo kilicho chini kidogo ya kasi yako halisi, ili foleni ipangwe nyumbani kwako. Kwa intaneti ya mnara, ambayo kasi yake hupanda na kushuka, njia hii haitoshi peke yake. Hapo rudi kwenye zamu ya saa.

Nina neno pia kwa wakubwa. Kwa watengenezaji wa programu: ulizeni kabla ya kuvuta. Kwa serikali ya kaunti na Mamlaka ya ICT: kila kituo cha kidijitali mnachofungua kiwekewe kompyuta moja ya kuhifadhi nakala za masasisho, vijana wayachukue hapo bila kuunguza bando. Mkongo wa fiber uliopangwa kwenye barabara ya Isiolo, Wajir mpaka Mandera tunaungoja kwa hamu, na vijiji vilivyo mbali na barabara hiyo, kama Hadado, visisahauliwe. Lakini hata kasi ikiongezeka, mafaili nayo yanazidi kunenepa. Zamu itabaki kuhitajika.

Wasikilizaji wapenzi, muda wetu unayoyoma. Tujikumbushe. Sasisho ni kiraka cha usalama, tusilikatae. Sasisho hujaza njia yote. Tusishangae likikwamisha simu. Na mwenye kupanga saa yake ni wewe mwenye nyumba.

Naomba kila nyumba ifanye jambo moja usiku huu kabla ya kulala. Kaeni pamoja, mkubwa na mdogo, fungueni mipangilio ya kila simu na kila kompyuta, mchague saa moja ya masasisho mtakayoiheshimu. Kijana anayejua mambo haya amsaidie hooyo, yaani mama, na ayeeyo. Jirani anayejua amsaidie jirani. Sasisho lina haki yake, lakini lipewe zamu yake.